Njia Ndefu ya Musallam

Siku hizi ngamia wanapakiwa mizigo kimya kimya. Vijana wanakaza kamba, wanapiga ulimi kinywani, mnyama anainuka, msafara unaondoka. Kazi inakwisha mapema na chai bado ina moto. Wageni hawajui kwamba kuna kitu kinakosekana, kwa hiyo hawaulizi. Sisi tunaojua hujifanya tuna fundo la kufungua.

Kinachokosekana ni ugomvi. Miaka yote niliyotembea na mjomba wangu Musallam katika jangwa letu la Sinai, hakuna asubuhi iliyoanza bila yeye kugombana na Sabbah, dume jekundu aliyetangulia msafara. Ugomvi ulianza mbali, kabla hatujawaona, sauti ikija nyuma ya mwamba.

"Nakuuliza wewe, pasha. Nimekufunga miguu ya mbele kwa mkono wangu, na bado umefika bonde la pili. Ulikuwa unakwenda wapi, Makka?"

Ngamia alinguruma.

"Usinijibu hivyo mbele za watu. Mbele za watu unanijibu kwa heshima."

Kisha wakatokea, mtu mfupi mwenye miguu ya matege na kanzu iliyopoteza rangi, na mnyama mrefu aliyegeuza uso pembeni kama mke aliyekasirishwa. Wageni walicheka wakipiga picha. Walidhani ni mchezo wa kuwafurahisha. Haukuwa mchezo. Mjomba alikuwa amekasirika kweli, na Sabbah pia, na ilipofika saa ya chai ya mchana walikuwa wamekwisha kupatana na kugawana ganda la chungwa.

Kabla ya safari aliwakusanya wageni akawapa hotuba yake kwa Kiitaliano, lugha aliyojifunza ujanani pwani ya Sharm, akibeba mitungi ya wazamiaji. Wageni wetu wengi walikuwa Waitaliano kwa sababu hiyo. Mimi Kiitaliano changu kinaishia kwenye maji na pole pole, lakini hotuba nilitafsiriwa nikaikariri.

"Ngamia atalia mtakapompanda," aliwaambia. "Haumwi. Analalamika tu, kama karani aliyeombwa muhuri. Leo mapaja yatawauma, kesho yatawauma zaidi, halafu mtaomba wenyewe kutembea, na hapo ndipo safari itaanza. Mchanga mtaula. Usiku ni baridi, msidanganywe na mchana. Asubuhi mtasubiri, maana ngamia hulala wanapotaka wao na mimi lazima niwatafute. Kuhusu kusubiri msiniulize kitu, sina jibu. Na tukifika kwenye hema la watu mkaletewa kahawa, kama hamuitaki, msiipokee. Tikiseni kichwa, hakuna atakayeudhika. Lakini mkishaipokea, inyweni."

Hilo la mwisho alilirudia. Sababu hakuwaeleza.

Yeye mwenyewe hakupanda. Alitangulia kwa miguu, kamba ya Sabbah mkononi, viatu vyake vya tairi la gari vikichora mchanga. Mgeni mmoja alimuuliza kwa nini anatembea na wanyama wapo. Akasema akiwa juu ataona mbali, na akiona mbali ataanza kuwa na haraka. Jioni alikanda unga kwa maji na chumvi, akafukia mkate ndani ya mchanga chini ya makaa, ulipoiva akaukung'uta mchanga kwa kilemba chake na kuumega. Kipande cha kwanza kilikuwa cha mgeni, cha mwisho cha Sabbah. Katikati tulikula sisi.

Watu walimpenda. Wengine walirudi mwaka baada ya mwaka, na wote walisifia kitu kimoja: njia yake. Viongozi wengine waliwapitisha wageni bonde la Rtama, moja kwa moja, ambako kuna kisima kizuri na kivuli cha migunga. Musallam aliwazungusha nyuma ya mlima mzima, siku nzima ya ziada, kupitia mchanga mweupe kama chumvi na majabali yaliyochongwa na upepo, mpaka Mgheira, ambako maji hudondoka katika ufa wa mwamba. Kampuni ya mjini iliyotuletea wageni iliiandika kwenye matangazo yake kuwa ni njia ya kale ya misafara. Wageni waliposimama kwenye mchanga ule wakati jua linashuka, wengine walilia. Mjomba alisimama kando akiwaangalia kwa huruma, kama mtu anayeona watoto wakisifia kovu lake.

Haikuwa njia ya kale. Ilikuwa njia ya mtu asiyetaka kumwona mtoto wa ami yake.

Alizaliwa Rtama. Mama yake alipofariki alilelewa katika hema la ami yake, pamoja na Audeh, mtoto wa nyumba ile, rika lake. Walikula sahani moja na kuchapwa kwa kosa moja. Walichunga pamoja ngamia jike wa kijivu aitwaye Zerga, ambaye alikuwa mpole kupita kiasi. Majira ya baridi, maji yakiganda kwenye ndoo, wavulana wale walilala wamemwegemea Zerga, mmoja ubavu huu, mwingine ubavu ule, na inasemekana mnyama hakugeuka mpaka asubuhi ili asimfinye yeyote. Mama yangu, dada yake Musallam, ndiye aliyenisimulia haya. Alisema ukiwatafuta usiku ungesikia watoto wawili wakibishana juu ya mgongo wa ngamia, kila mmoja akidai upande wake ndio wenye joto.

Walipokua, Musallam akaenda pwani, Audeh akabaki na wanyama. Musallam aliporudi na wazo kwamba wapo watu watakaolipa ili watembee jangwani, Audeh alicheka mpaka akashika mbavu.

"Walipe ili watembee? Waende wapi?"

"Wazunguke, halafu warudi."

"Warudi wapi?"

"Pale walipoanzia."

"Ndugu yangu, jua la pwani limekupiga."

Lakini hapakuwa na chuki. Chuki ililetwa na ukame. Mvua ilikosekana mwaka, ikakosekana tena, migunga ikabaki miiba mitupu, na habari ikafika kwamba Audeh anapunguza wanyama. Musallam aliacha wageni wake kwa mtu mwingine, akaenda Rtama kwa miguu.

Kwetu mtu mwenye haja nzito haanzi kwa kuisema. Anakaribishwa, anapokea finjani ya kahawa, na badala ya kunywa anaiweka chini mbele yake. Mwenye hema akiiona anajua. Atauliza haja, na akiikubali atasema, "Kunywa, umeipata." Mgeni hunywa, na neno lile halirudi. Akiikataa, husema kwa upole sababu yake, na mambo huzungumzwa. Kitu kisichofanyika ni kunyamaza. Kunyamaza mbele ya finjani iliyowekwa chini ni kumwambia mtu kwamba hayupo pale.

Musallam aliweka finjani chini. Alisema, "Nimekuja kumwomba Zerga. Nipe mimi, nitamlisha." Nje, kamba ya Zerga ilikuwa imefungwa kwenye mgunga kama siku zote.

Audeh aliitazama finjani. Hakusema kunywa, hakusema hapana. Kahawa ikapoa, ikafanya utando juu. Musallam alisubiri mpaka kivuli cha nguzo kikatambaa kutoka magotini pake hadi mlangoni. Kisha akainuka, akaondoka bila kuaga, na baadaye akasikia kwamba Zerga amekwenda kuuzwa kwa nyama pamoja na wengine.

Tangu siku ile hakunywa maji ya Rtama, na hakutaja jina la Audeh. Misiba ilipita, harusi zilipita. Mmoja akija asubuhi, mwingine alikuja jioni. Wazee walijaribu kuwapatanisha wakachoka. Nywele zao zikawa nyeupe, kila mtu upande wake wa mlima.

Mwaka ninaousimulia, mafuriko ya majira ya baridi yalikuwa makali. Tuliondoka na Waitaliano wanne, wawili wakiwa mume na mke vijana, mmoja mwanamume aliyepiga picha za mawe, na Bi Ornella, mwanamke mnene mwenye nyonga mbovu na sauti ya kuimba, aliyempenda Sabbah tangu saa ya kwanza. Tulipita mchanga mweupe, wakalia kama ilivyo desturi, tukafika Mgheira na madumu karibu matupu. Ufa wa maji haukuwapo. Mafuriko yalikuwa yameangusha mawe makubwa kama magari na kuuziba. Tulichimba kwa mikono mpaka kucha zikauma, tukapata udongo wenye unyevu na chura mmoja aliyetushangaa.

Simu hazishiki mtandao pale. Kurudi tulikotoka bila maji ilikuwa haiwezekani. Kisima cha karibu kilikuwa kimoja tu.

Niliketi. Mjomba alipangusa mikono kwenye kanzu, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Kesho adhuhuri tutakuwa Rtama," alisema.

"Sawa, Mjomba."

"Wageni watakunywa. Ngamia watakunywa. Wewe utakunywa."

"Na wewe?"

"Kuna nusu chupa yangu."

"Mjomba, nusu chupa siku mbili, juani? Na ukifika kwenye kisima cha mtu ukakataa maji yake, hapo si bora ungemtukana?"

"Wewe chuo kikuu walikufundisha kuuliza tu?" alisema, akaenda kumfunga Sabbah miguu.

Asubuhi haikusikika sauti nyuma ya mwamba. Alimrudisha ngamia kimya, na Sabbah mwenyewe aligeuza shingo kumtazama mara kwa mara, kama anayengoja zamu yake.

Ile hofu niliyoiona mgongoni mwake njia nzima haikuwa hofu ya kiu. Kama angepita Rtama bila kunywa, ugomvi ungekuwa wa kudumu, wa watoto na wajukuu, na watu wawili wale wangezikwa nao. Kama angekunywa, angekuwa amesema kwamba siku ile ya finjani haikuwa kitu. Alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana, tulipopumzika, aliwaeleza wageni habari ya hema tunalokwenda, adabu ya viatu, adabu ya kukaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasahau kuwaambia juu ya kahawa.

Kutoka kwenye kilima tuliona migunga, mahema matatu, birika la kunyweshea wanyama, na mtu mmoja amesimama. Audeh alikuja mwenyewe kutupokea, mrefu, mkavu, kilemba kikiwa kimefungwa nusu. Alimsalimia kila mgeni kwa mkono na kwa moyo. Akanisalimia mimi, akaniuliza habari za mama. Akawagusa ngamia shingoni, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Sabbah, ambaye kamba yake ilikuwa mkononi mwa Musallam.

"Ngamia mzuri," alisema Audeh, akimtazama ngamia.

"Sema asante," Musallam alimwambia ngamia.

Wakaishia hapo.

Wageni waliingizwa hemani. Mjomba alibaki nje, akifungua mizigo ambayo haikuhitaji kufunguliwa. Audeh alikaanga buni, akaitwanga kinuni kwa mdundo ule unaoita majirani, akachemsha na iliki, akamimina. Wageni walikunywa na kukunja nyuso, maana kahawa yetu haina sukari. Bi Ornella alikuwa amekatazwa kahawa na daktari kwa ajili ya moyo wake. Safari nzima alikunywa chai tu. Lakini mzee yule mrefu alimpa finjani kwa heshima kubwa hivi kwamba alishindwa kuikataa. Aliipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, na akaiweka chini mbele yake, kwa uangalifu, bila kuionja.

Mkwe wa Audeh, aliyekuwa akipepeta unga nyuma ya pazia, aliacha kupepeta.

Audeh aliitazama finjani. Alitengeneza kilemba chake, akakaa wima.

"Mgeni ana haja," alisema.

"Ami Audeh," nikaanza, "nadhani yeye hajui..."

"Mgeni ameweka finjani chini ndani ya hema langu. Mwambie mjomba wako amuulize mgeni haja yake."

Nilitoka nje. Mjomba alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Sikuwaambia," alisema. "Wallahi nimesahau."

"Nenda ukamwambie ni daktari tu."

"Nimwambie kahawa yake ni sumu?" Alikung'uta vumbi la kanzu, ambalo halikutoka, akaja mpaka mlangoni pa hema na kusimama pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mwanangu," Audeh aliniambia, "mwambie anayesimama mlangoni kwamba siwezi kuzungumza na mgeni kupitia mtu aliye juani."

"Mjomba, anasema uingie."

"Nimesikia, si kiziwi."

Akaingia, akapiga goti kando ya Bi Ornella. Wakasemezana kwa Kiitaliano, sauti chini. Baadaye nilikuja kujua alichomwambia: asiiguse finjani, asicheke, na kila atakapomtazama aitikie kwa kichwa. Bi Ornella aliitikia kwa kichwa, uso mzito kama wa kadhi.

"Mwambie mwenye hema," Musallam aliniambia, "mgeni ana swali."

"Ami, mgeni ana..."

"Finjani haiwekwi chini kwa ajili ya swali," alisema Audeh. "Huwekwa kwa haja."

"Kwao huwekwa kwa swali pia," alisema Musallam.

"Kwao wapi?"

"Kwao Italia."

Audeh alifikiri. "Haya. Aulize."

Mjomba alimgeukia Bi Ornella, akamwambia neno. Akaitikia kwa kichwa.

"Anauliza hivi. Mtu akijiwa na mtoto wa ami yake, wamelala utoto wote ubavuni mwa ngamia mmoja. Yule akaweka finjani chini. Mwenye hema akanyamaza mpaka kahawa ikaganda. Anauliza, hiyo ndiyo desturi ya watu hawa, au ni ya mtu mmoja tu?"

Wale vijana wawili, mume na mke, walikuwa wameacha kula tende. Hawakuelewa neno, lakini walielewa kwamba hakuna wa kutikisika. Nje Sabbah alikuwa akinywa kwenye birika, na koo lake lilisikika mpaka ndani.

"Mwambie mgeni," alisema Audeh, "kwamba ngamia hakuwapo."

"Mgeni anasema alikuwapo. Kamba yake ilikuwa mgungani."

"Kamba ilikuwapo. Mwambie mgeni kamba ilikuwapo. Ngamia alikuwa ndani ya lori tangu alfajiri, yeye na wengine. Dereva alisema kamba atanunua mpya. Wewe ulikuja lori likiwa halijafika hata barabara ya lami." Hakuwa akimtazama Bi Ornella tena. "Ukaweka finjani. Ningekwambia kunywa, umepata, ningekupa nini? Kamba?"

"Ungesema ameuzwa."

"Ungelifuata lori."

"Ningelifuata, ndiyo."

"Kwa miguu. Mpaka machinjioni, wewe na miguu yako hii. Na ungemkuta amekwisha, halafu ungerudi kuniangalia usoni. Nilifungua mdomo, Musallam. Nilifungua, neno halikuja. Nikasema ngoja kahawa ipoe kidogo litakuja. Halikuja."

"Nilikaa pale mpaka kivuli kikafika mlangoni."

"Nilikiona kivuli. Hema ni langu."

Musallam alitazama mikono yake. "Sikujua amekwenda alfajiri," alisema. "Nilidhani ulimuuza baada yangu. Nilidhani umenikomoa kwa sababu ya Wazungu wangu."

"Mimi nikukomoe kwa Zerga?" Audeh aliuliza. "Ubavu wangu ndio uliokuwa na joto. Wewe ulilala upande wa upepo."

"Muongo wewe. Upande wa upepo ulikuwa wako."

"Muulize dada yako."

"Dada yangu anakupendelea tangu zamani."

Nyuma ya pazia mkwe alicheka, akajidai kukohoa. Bi Ornella, kwa kuona kila mtu amenyamaza, aliitikia kwa kichwa kwa nguvu.

"Mgeni ana subira," alisema Audeh, akajirudisha wima. "Swali lake limejibiwa. Lakini swali si haja. Haja yake ni ipi?"

Nilifikiri ataomba maji, nami nilifikiri ni busara.

"Anaomba maji kwa msafara huu," alisema mwishowe, "leo, na kila utakapopita."

"Maji hayaombwi. Nani mwendawazimu anaomba maji? Ngamia wako wanakunywa nje sasa hivi, walikuomba ruhusa? Aombe kitu."

Musallam alimtazama Bi Ornella, kama kwamba kweli angemwambia. Yeye alimtazama vile vile. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Alimgusa begani, akarudisha mkono.

"Anasema," Mjomba alisema polepole, "kiongozi wake amechoka. Amezunguka mlima huu mara nyingi kuliko inavyofaa. Anaomba kiongozi wake awekewe godoro hapa leo."

Audeh hakungoja.

"Mwambie anywe. Haja yake ameipata."

Na hapo ndipo ikaja shida nyingine, maana neno likishatolewa, finjani lazima inywewe. Mjomba akaitazama finjani, akamtazama Bi Ornella.

"Daktari wake amemkataza kahawa," alisema. "Moyo. Kwao, haja ikikubaliwa, anakunywa kiongozi."

"Kwao wapi?"

"Kwao Italia."

"Watu wa ajabu hao," alisema Audeh. "Basi anywe kiongozi."

Musallam aliinua finjani. Alikunywa yote, polepole, mpaka machicha.

"Imepoa hiyo," alisema Audeh. "Lete nikumiminie ya moto."

"Imekaa sana," alisema Mjomba, "lakini inanyweka." Akanyoosha finjani, akamiminiwa nyingine.

Tulilala Rtama. Wageni walipewa magodoro na mablanketi, mbuzi akachinjwa, Bi Ornella akaimba na wanawake wa hema wakamfundisha wimbo wa harusi ambao tafsiri yake ni bora asiijue. Wazee wawili walikaa kisimani. Nilipowapelekea chai walikuwa wanabishana juu ya jina la mbwa aliyekufa kabla sijazaliwa.

Baada ya safari ile hatukupita tena nyuma ya mlima. Kampuni ya mjini ililalamika. Wageni waliorudi walilalamika zaidi, wakauliza mchanga mweupe umekwenda wapi. Mjomba aliwaambia maji ya Mgheira yamezibwa na mawe, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akawapitisha Rtama, ambako waliona kisima, migunga, na mzee mrefu aliyewamiminia kahawa huku akimtukana kiongozi wao kwa lugha wasiyoielewa. Wengine waliandika kwamba safari imekuwa fupi. Naelewa. Uzuri ule waliusifia kwa haki, na mimi mwenyewe huukumbuka. Lakini nilikuwa nimeuona mgongo wa mtu aliyekuwa akiulipia kila safari, na sikuweza tena kuutazama mchanga ule nikausifu tu.

Alitembea miaka mingine michache. Kisha magoti yakakataa, kwanza kwenye miteremko, baadaye hata kwenye tambarare, na majira ya baridi kabla ya haya alinikabidhi msafara. Sisi dada na wapwa tulimtaka aje mjini, kwenye nyumba ya mawe yenye feni na zahanati karibu. Alikuja, akakaa wiki moja, akasema mjini watu hawana mahali pa kutazama. Audeh akatuma mtu na habari kwamba kuna nafasi.

Musallam anaishi Rtama, katika hema la pili kutoka kisimani.